Mahindi au mtama, mvua ikikatika Februari?

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na Februari mara nyingi hukatika. Hapo ndipo mahindi huumbuka: jua likiyakuta yanatoa mbelewele, chavua humwagika kabla nywele za gunzi hazijachomoza, nawe unavuna magunzi yenye mapengo. Mwaka wa mvua nzuri, hata hivyo, mahindi huuacha mtama mbali.

Mtama, tuseme mbegu ya Macia, hukunja majani na kusimama kukua; mvua ikirudi, unaendelea. Mavuno hayapai sana wala hayaporomoki. Shida ni ndege wa kwelea kwelea wanaokula punje, na kuamia shamba watoto wakiwa shuleni ni mtihani. Mimi ekari ya chakula ningeipa mtama. Mahindi yakae bondeni, kwenye udongo unaoshika maji.