Miaka mitano katika benki niliyochaguliwa na shemeji

Benki hii sikuichagua kwa kulinganisha riba wala ada. Shemeji yangu alikuwa mteja wake wa siku nyingi, wenzangu kazini walipokea mishahara humo, na mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba alikuwa akituma fedha bila makato kwa kila mwanachama mwenye akaunti hapo, ilhali sisi wa benki nyingine tulikatwa kila mwezi. Kujiunga kulikuwa kama kuhamia mtaa ambao ndugu wote wanakaa.

Katika mambo ambayo jamaa huyaona kwa macho, ushauri wao ulikuwa sahihi. Makarani ni wasikivu, foleni inakwenda, programu ya simu haisumbui, na kadi yangu ilipopotea ilifungwa muda mfupi tu baada ya kupiga simu. Kwa huduma hizi sina lawama.

Tatizo lilikuwa mkopo, jambo ambalo shemeji hakuwahi kuligusa, kwa hiyo asingeweza kunionya. Nilivutiwa na riba ya asilimia 10 kwa mwaka, nisijue kwamba ilikuwa ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi rejesho la mwisho, badala ya salio linalobaki baada ya kila rejesho. Kwa mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi, hesabu ya aina hiyo hulingana na riba ya karibu asilimia 18 inayotozwa kwenye salio. Masharti yaliandikwa, na saini ni yangu; ila niliitia nikiwa na imani ya kuazima.

Kuondoka nako si kwepesi. Nimemdhamini mfanyakazi mwenzangu, na sehemu ya akiba yangu imezuiwa hadi amalize deni lake, kwa hiyo hata hasira zangu zina ratiba ya marejesho ya mtu mwingine.

Mkumbo huu ni wa zamani. Emigrant Savings Bank ya New York ilianzishwa mwaka 1850 kwa ajili ya wahamiaji kutoka Ireland, na wachumi waliochunguza daftari zake waligundua kwamba katika taharuki za mwaka 1854 na 1857, watu walipokimbilia kutoa fedha zao benki, wateja waliotoka kaunti moja ya Ireland walielekea kufanya uamuzi unaofanana, ama wa kufunga akaunti ama wa kutulia. Machi 2023, wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani, wengi wao wakiwa kampuni changa zenye wawekezaji wanaofahamiana, waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Ndiyo maana simlaumu sana shemeji: mtu wa kawaida hana namna ya kukagua vitabu vya benki, na neno la anayemwamini ndiyo taarifa aliyo nayo.

Benki hii naipa alama tatu kati ya tano: nne kwa kaunta na simu, mbili kwa mikopo. Anayetaka pa kupokelea mshahara atahudumiwa vizuri. Anayetaka kukopa aombe kwanza jedwali la marejesho na jumla atakayolipa, kisha amtafute mtu aliyewahi kukopa hapo, hata kama si ndugu yake. Mimi nimebakiza mshahara huko na kufungua akaunti ya akiba kwingine. Shemeji bado sijamwambia.