Uzoefu wangu: nembo mpya ya sabuni zetu za mwani na karafuu

Kikundi chetu cha akina mama hapa Jambiani, Zanzibar, kinatengeneza sabuni za mwani na karafuu. Kazi ya nembo tulimpa kijana mmoja mwenye ofisi ndogo Mlandege. Nampa nyota nne kwa tano.

Hakuanza kuchora, alianza kuuliza. Wanunuzi wenu nani? Sabuni inakaa duka gani, na pembeni yake kuna nini? Akatutaka tulete vifungashio vya watengenezaji wengine. Tulipovipanga mezani, karibu vyote vilikuwa na jahazi, mnazi au jua linalozama. Mwenzetu mmoja akapendekeza mlango wa Mji Mkongwe. "Mlango mzuri, mama," akamwambia, "lakini wa nani? Mteja aijue sabuni yenu hata kabla hajaishika." Akachagua kitu kimoja tu: karafuu, kile kichwa cha duara kilichoshikwa na meno manne, na kikonyo chake akakigeuza tawi la mwani.

Alichora kwa penseli, nyeusi tupu, na rangi hakuigusa mpaka umbo likubalike. Kisha akaipunguza mpaka ikawa kama ukucha, akatuchongea mhuri wa majaribio. Hapo ndipo nilipouona ustadi wake. Sisi sabuni tunaigonga mhuri kabla haijakauka sawasawa. Mstari mwembamba huziba, na nafasi finyu baina ya mistari hupotea kabisa. Vijitawi vya mwani vilivyopendeza kwenye karatasi vilikuwa vurugu kwenye sabuni. Akaviondoa vingi, akabakisha vitatu, akanenepesha mistari. Sasa inaonekana vizuri kwenye sabuni, kwenye duara dogo la WhatsApp na kwenye bango la barabarani. Kanga nzuri nayo unaitambua mvaaji akiwa ng'ambo ya pili ya barabara, hujasoma maneno yaliyoandikwa juu yake.

Bi mkubwa wa kikundi hakuridhika. "Mbona sabuni yenyewe siioni?" Swali la haki kabisa. Kijana akamtajia alama ya Nike, kampuni ya viatu: Carolyn Davidson aliichora mwaka 1971 akiwa mwanafunzi Portland, Marekani, akalipwa dola 35, na ndani yake hamna kiatu. Nembo inatambulisha, kilichomo kinaelezwa na lebo. Bi mkubwa akakubali, kwa sharti kwamba neno SABUNI liandikwe kubwa kwenye lebo. Naona sharti lake limeifaa sana lebo yetu.

Rangi ni mbili, hudhurungi na kijani. Kwenye uchapaji wa fulana kwa skrini kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo kila unayoongeza inakugharimu. Tena kijani cha simu kinang'aa kwa mwanga, na wino haung'ai hivyo. Alituchapia sampuli kwenye karatasi ile ile ya kaki tunayofungia. Ukienda kwa mchoraji mwengine, idai sampuli hiyo.

Dai na faili za vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kingo kuharibika. Mchoraji wetu wa mwanzo alitutumia JPG peke yake, na ilipokuzwa kwa bango la maonesho kingo zote zikawa ngazi ngazi. Huyu alitupa SVG, PDF, PNG isiyo na mandharinyuma, na toleo la rangi moja.

Nyota moja nimeiondoa kwa mambo mawili. Maandishi chini ya nembo yalikuja membamba, wakati mhuri ulishatuonesha kwamba wembamba haufai, na ilibidi tufuatilie sana mpaka akayarekebisha. La pili ni zito zaidi: karatasi ya kutukabidhi haki za mchoro hakuitoa mpaka tulipoiomba. Iombeni kabla ya kulipa malipo ya mwisho. Alama ya biashara huku Zanzibar inasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali, na usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, haukulindi huku, kwa hiyo anayeuza pande zote mbili anasajili mara mbili. Sisi tumeanza na BPRA.