Picha Zako Uziweke Wapi: Vifaa vya Kuhifadhia, Kuanzia Kinachofaa Zaidi

Anayeingia dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, kutafuta kifaa cha kuhifadhia picha huulizwa kwanza anataka gigabaiti ngapi, na wengi hujibu kwa kukisia. Swali hilo lina hesabu yake, nayo inaanzia ndani ya picha yenyewe. Kompyuta haijui sura ya mtu wala rangi ya bahari. Inachohifadhi ni safu za vidoa viitwavyo pikseli, na kwa kila kimoja huandika namba tatu, ya wekundu, ya kijani na ya bluu, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255 na kuchukua baiti moja. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12, kwa hiyo ingeandikwa jinsi ilivyo ingejaza megabaiti 36, yaani baiti milioni 36. Ukiikagua, hata hivyo, utakuta ina megabaiti tatu au nne tu, kwa sababu imebanwa kwa mtindo wa JPEG, uliotoka mwaka 1992, ambao huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane na kutupa yale ambayo jicho haligundui yakikosekana.

Ubanaji huo una gharama ambayo wauzaji hawaitaji. Katika picha isiyobanwa, baiti moja ikiharibika, kidoa kimoja hubadilika rangi na pengine hakuna atakayegundua. Katika JPEG kila kipande cha taarifa husomwa kwa kutegemea kilichotangulia, hivyo hitilafu ndogo mahali pamoja yaweza kuvuruga yote yanayofuata: juu unamwona bibi harusi hadi mabegani, na chini yake kijivu kitupu. Kwa sababu hiyo nimepanga vifaa hivi kwa kutazama kwanza uaminifu wake, kisha bei, na kasi nimeiweka mwisho.

Kuhusu ukubwa, terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja, hubeba takriban picha 250,000 za megabaiti nne, kiasi ambacho familia nyingi hazitakimaliza. Mpiga picha wa harusi anayehifadhi picha ghafi (RAW, jinsi kamera ilivyozinasa), zenye megabaiti 25 au zaidi kila moja, hujaza gigabaiti 50 kwa picha 2,000, naye ahesabu kwa idadi ya kazi zake za mwaka. Ukichomeka diski ya terabaiti moja na Windows ikaonyesha gigabaiti 931, hujaibiwa. Katika kupanda kutoka kipimo kimoja hadi kingine, kama megabaiti hadi gigabaiti, kiwanda huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Nafasi ya kwanza naipa diski ngumu ya nje (hard disk), lakini kwa sharti kwamba ununue mbili. Ndiyo yenye bei nafuu kuliko zote kwa kila gigabaiti, na mara nyingi huanza kugota au kuchelewa kufungua mafaili kabla haijafa, jambo linalokupa nafasi ya kuokoa vilivyomo. Udhaifu wake ni kwamba ndani yake mna sahani zinazozunguka, na ikianguka mezani huku inafanya kazi, huenda ndiyo mwisho wake. Nakili picha zote kwenye diski zote mbili, kisha moja ikakae nyumba nyingine, kwa dada au kwa wazazi, kwa kuwa mwizi na moto havichagui kifaa. Mwenye fedha za SSD moja kubwa, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, ningemshauri anunue diski ngumu mbili za kawaida.

SSD ya nje inashika nafasi ya pili. Haina kinachozunguka, inastahimili mitikisiko ya safari, na kasi yake humfaa anayehariri picha kila siku. Hata hivyo huhifadhi taarifa kwa chaji za umeme, ambazo zaweza kufifia ikikaa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa; tena inapokufa, mara nyingi hufa ghafla.

Hifadhi ya mtandaoni ni ya tatu, nayo naihesabu kuwa nakala ya ziada. Google hutoa gigabaiti 15 bure, na tangu Juni 1, 2021 picha mpya huhesabiwa humo pamoja na barua pepe, kwa hiyo picha za simu zipatazo 3,750 zinatosha kuijaza. Ukiitumia, chagua ubora halisi, la sivyo picha zitabanwa upya. Kupandisha gigabaiti 50 kwa bando la simu ni gharama ya kupigia hesabu mapema.

Memori kadi ni ya kamera, si ya ghala. Hamisha picha, kisha irudishe kazini.

Flashi naiweka mwisho, hasa kwa sababu ya bandia zilizojaa sokoni. Flashi bandia huandikwa gigabaiti 512 juu ya kasha, na kompyuta nayo husoma 512, kumbe ndani mna 16 tu na kidhibiti chake kimepangwa kudanganya. Nilinunua moja ya namna hiyo. Nilinakili picha za miaka minne, majina ya mafaili yakatokea yote na ukubwa wake, ila nilipozifungua baada ya wiki mbili, za mwanzo tu ndizo zilizofunguka. Programu kama H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, hukijaza kifaa chote kisha hukisoma tena, na hutaja ukubwa wake wa kweli. Kipimo hicho kinaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo kabla ya kulipa kubaliana na muuzaji aandike kwenye risiti siku za kurudisha, na usifute picha hata moja kwenye simu hadi kipimo kimalizike.