LIRC na rimoti ya AC: naipa nyota mbili, na hasira bado ninayo

Neno lenyewe lilikuwa "washa". Mtoto wa darasa la kwanza analijua. Niko kibandani kwangu Ngamiani, saa sita usiku, fulana imenigandia mgongoni kwa joto la kaskazi, kidole gumba kinauma kwa kubonyeza rimoti. Programu ya irrecord, ile ya LIRC ya kurekodi ishara za rimoti, inaniuliza kitufe hiki kiitwe nani, naandika washa, inakataa! Ati jina halimo kwenye orodha yake. Orodha yenyewe ni KEY_POWER, KEY_MUTE, KEY_VOLUMEUP na ndugu zao. Sensa ya kupokea ishara nimenunua mimi, umeme naulipia mimi, halafu naambiwa na skrini nyeusi kwamba Kiswahili si jina la kitufe.

Ndiyo, baadaye nikajua kuna --disable-namespace, ukiiandika mwanzoni inakubali jina lolote, hata ukikiita kitufe "mbaazi". Ila usiku ule sikujua. Niliifunga ile programu kama mtu anavyofunga mlango akiwa amegombana na mkewe.

Kisa kilianzia Raskazone. Kuna Bi Mkubwa ana gesti pale, vyumba sita, AC zote za aina moja, na wageni wanaondoka na rimoti. Tanga waja leo waondoka leo, tumezoea, lakini na rimoti ya watu? Alipobakiwa na moja tu akaniita. "Fundi, hii ikipotea nayo nifunge biashara." Nikamwambia asihofu, nipe siku mbili. Nina Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, nina taa za infraredi, mwanga wa rimoti usioonekana kwa macho, nina LIRC, programu za bure za kompyuta kupokea na kutuma ishara za rimoti. Tutainakili ile rimoti, mhudumu wa mapokezi awe anawasha AC kwa simu yake, rimoti ikae kabatini. Tukakubaliana tujaribu chumba kimoja kwanza.

Siku mbili zikawa karibu wiki tatu.

Maelekezo ya zamani nayapita haraka, maana yalinila siku nzima na sitaki kuyakumbuka. Mengi bado yanakuambia utumie lirc-rpi, kiunganishi cha Pi na vifaa vya infraredi, kumbe kitu hicho kiliondolewa tangu kerneli 4.19, yaani kiini cha Linux, sasa ni gpio-ir ya kupokea na gpio-ir-tx ya kutuma. Haya.

Tatizo kubwa ni kwamba irrecord imezoea rimoti za TV. Inakuambia bonyeza vitufe mbalimbali, kila kimoja kama sekunde moja, mpaka nukta zijae mistari miwili ya skrini. Rimoti ya TV ukiishikilia inarudia rudia, nukta zinatembea. Ya AC ukiishikilia inatuma mara moja, inanyamaza. Niko pale nahesabu nukta kama mtu na tasbihi. Tena rimoti ya TV kila kitufe kina namba yake ndogo, lakini ya AC kila ukiigusa inatuma habari zote kwa mpigo: nyuzi joto ngapi, feni kasi gani, baridi au hewa tu, na mwishoni hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna kilichopotea njiani. Kwa hiyo hurekodi "kitufe cha kuongeza baridi". Unarekodi "washa, nyuzi 24, feni ya kati" kama kifurushi kizima. Hilo nililijua kwa kuteseka, irrecord yenyewe haikunidokeza kitu.

Basi nikarekodi kwa -f, yaani ichukue ishara ghafi bila kujaribu kuielewa. Ikakubali. Faili likaandikwa safi, majina yangu yote ya Kiswahili yamo. Nikaenda gesti, nikafunga taa juu ya kioo cha AC, nikatuma kwa irsend, programu ya LIRC ya kutumia ishara. Kimya. Hakuna kosa kwenye skrini, hakuna mlio kwenye AC. Nikatuma tena. Kimya. Bi Mkubwa kasimama mlangoni na khanga yake begani, nyuma yake mgeni na begi. "Mbona wanitia haya mbele ya wageni, mwanangu?"

Hapo ndipo ninapogombana na hizi zana. Ingesema basi! Iseme imeshindwa, itukane, ilie. Fundi anaweza kupambana na kelele. Kimya utapambana nacho vipi? Nikaelekeza kamera ya simu kwenye taa, ile ya mbele ambayo huona infraredi, taa inameta zambarau vizuri tu. Nikajiambia basi mwanga ni dhaifu, pini ya Pi haiwezi kuisukuma taa peke yake, na transista niliyoiweka iisaidie ndiyo mwizi.

Ndipo nikaingia kwenye shimo la pili. Mpwa wangu aliniachia skripti inayogeuza mchoro wa saketi kutoka programu aliyosomea chuoni kuwa faili la ngspice, programu ya kujaribia saketi ndani ya kompyuta. Unaipa faili, inakutemea lingine, tena kimya kimya. Nikaliendesha: transista haifunguki kabisa, mkondo wa taa sifuri. Aha, mwizi huyo! Nikabadilisha transista halisi mara mbili, nikaunguza na kidole kwa pasi ya risasi. Hakuna kilichobadilika.

Nikampigia. "Anko, ile rezista ya kwenye besi, mguu wa kufungulia transista, umeandika ngapi?" 1M, nikamwambia, megaohmu moja, kama ilivyo kwenye mchoro wako. Akacheka mpaka nikataka kukata simu. Kumbe kwenye SPICE, mzazi wa ngspice, M ni mili, sehemu moja ya elfu. Mega, yaani milioni, ni MEG. Ile programu yake ya chuo inatofautisha M kubwa na m ndogo, lakini SPICE ilizaliwa Berkeley, Marekani, mwaka 1973, enzi programu ziliandikwa kwa kadi za kutobolewa zisizo na herufi ndogo, na mpaka leo kwake M na m ni ndugu mapacha. Kwa hiyo besi ya transista yangu, kwenye kompyuta, ilikuwa imefungwa chini kwa miliohmu moja, sawa na kipande cha waya. Saketi yangu ya kweli haikuwa na kosa lolote. Usiku mbili zimekwenda kwa herufi moja, na skripti haikusema hata "mjomba, una hakika?"

(Ngspice siilaumu. Ilifanya nilichoiambia.)

Mwishowe nikafungua mode2, programu ndogo inayoandika tu kila inachokiona: pulse (mwanga) kadhaa, space (nafasi bila mwanga) kadhaa, kwa maikrosekunde. Nikabonyeza rimoti mara moja, nikasoma mstari kwa mstari na kalamu mkononi. Katikati ya ishara kuna nafasi ndefu, halafu ishara inaendelea tena. Rimoti hii inasema sentensi mbili, inapumua katikati. Irrecord iliposikia ile pumzi ikadhani mazungumzo yameisha, ikafunga daftari. Nilikuwa naipelekea AC nusu ya barua, yenyewe ikihesabu inaona haitimii, inaitupa. Na kila mmoja kanyamaza, AC, irrecord, irsend.

Nikazibandika namba zote kwa mkono kwenye lircd.conf, faili ambamo LIRC inahifadhi rimoti. Mara ya kwanza ikagoma, ikasema urefu wa ishara ni mbaya, kwa sababu orodha lazima ianze na iishe kwa mwanga, idadi iwe witiri. Nilifurahi, wallahi. Angalau ilisema! Nikafuta namba ya mwisho, nikaenda Raskazone, nikatuma.

Tiii. Kibao cha AC kikafunguka polepole kama mdomo wa mtu anayeamka. Nilipiga kelele mpaka mpishi akaja mbio. Saa ile ningeipa nyota tano, na mode2 ningeijengea sanamu pale Bustani ya Uhuru.

Siku chache baadaye umeme ukakatika, ukarudi, na AC haisikii. Kipokezi na kitumaji vimebadilishana majina: kilichokuwa lirc0 sasa ni lirc1. Nikavifunga kwa kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina, visihame tena. Kwa hiyo nyota tatu. Halafu Bi Mkubwa akaniuliza, kwa upole ambao ni mbaya kuliko matusi, kama si kweli madukani kuna rimoti za AC za kila aina, unaingiza namba tu inafanya kazi. Zipo, Bi Mkubwa. Basi mbili.

Chumba cha kwanza kinafanya kazi mpaka leo. Vyumba vitano vilivyobaki bado hajaniambia niendelee, ila jana katuma mtu aje achukue ile rimoti yake moja. Nimemwambia sijaiona. Iko kwenye droo, nimeizungushia utepe, maana nyuzi 22 bado sijairekodi.