Uduvi wakavu wa Feri: mzigo usiochanganywa na watoto wa kamba

Katika Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, yupo mama mmoja anayeuza uduvi wakavu kwa kisado, nami ni mteja wake wa muda mrefu kwa sababu moja kubwa: mzigo wake ni uduvi watupu. Jambo hilo laweza kuonekana dogo kwa mtu ambaye hajawahi kumwaga uduvi kwenye sinia na kuwachambua, lakini mara nyingi niliponunua kwingineko mjini nilikuta watoto wa kamba wamekaushwa pamoja nao.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Mtoto wa kamba ana mwiba mrefu wenye meno, uliotokeza mbele ya macho, na jozi tano za miguu ya kutembelea, ilhali mwiba wa uduvi ni mfupi mno na miguu yake ni jozi tatu tu. Tofauti iliyo nzito zaidi ni ya umri. Uduvi wa sentimita mbili au tatu amekwisha kupevuka, hutaga mayai yake moja kwa moja majini, na kwa kawaida maisha yake yote hayafiki mwaka. Kamba mweupe wa urefu huohuo bado ni mchanga: ameingia mikokoni majuma machache baada ya kuanguliwa baharini, na angeachwa humo kwa miezi michache angekua na kurudi kwenye maji ya kina, ambako jike mkubwa hutaga mayai kwa mamia ya maelfu. Kumkausha akiwa katika umri huo ni hasara kwa mvuvi mwenyewe, na inanisikitisha kila ninapomwona kwenye ungo.

Nilipomwuliza mama huyo kwa nini hachanganyi, alinijibu kwa ufupi: “Wale wana miiba, mwanangu, wanachoma koo.”

Mnunuzi asishangae kuona kwamba ukubwa wa uduvi haulingani mwaka mzima. Katika bahari zetu za joto huzaana karibu mwaka wote, ila kwa vipindi vya wingi na vya uchache, hivyo kizazi kipya hukua kabla kile cha zamani hakijaisha, na kisado kimoja huwa na wadogo pamoja na wakubwa, ambao wengi wao ni majike kwa kuwa jike humzidi dume kwa umbo. Wakubwa ndio wanaofaa kukaangwa wakavu kwa pilipili na ndimu. Wadogo nawapenda zaidi ndani ya tembele la nazi, ambamo hulainika upesi na kukoleza mchuzi wote.

Kasoro yake ni ya masika. Jua linapokosekana, uduvi hubaki na unyevu, hugeuka kahawia na kutoa harufu kali ambayo hata kuwaosha kwa maji ya moto hakuiondoi. Wa kaskazi ni wepesi, rangi yao huelekea waridi, na hukatika ukiwabonyeza kwa vidole. Mchanga haukosekani, ingawa ni kidogo, kwa hiyo waoshwe mara mbili bila kulowekwa.

Bei yake huzidi kidogo ile ya jirani zake, nami naona ni ya haki. Anayetaka wa akiba anunue Januari au Februari, tena asubuhi, kabla mama ntilie hawajawamaliza.