Heaven: wimbo wa Avicii na Chris Martin uliokaa kabatini miaka mitano

Nilikuwa nakaa kwa shangazi Maskati ile Ijumaa ya Aprili 20, 2018, habari zilipotoka kwamba Avicii amefia mjini humohumo, na umri wake miaka 28 tu. Shangazi aliponiona nimenyong'onyea akauliza, "Kwani huyo ni mtoto wa nani?" Nikamwambia ni Mswidi, mpiga muziki, DJ. Akamwombea, akarudi jikoni. Ndiyo maana huu wimbo siwezi kuuhukumu kwa moyo mkavu, mnivumilie.

Heaven ni wa pili kwenye TIM, albamu ya Avicii ya nyimbo 12 iliyotoka Juni 6, 2019. Anayeimba ni Chris Martin wa bendi ya Coldplay. Waliutunga 2014, mwaka uleule ambao Avicii aliwasaidia Coldplay kutengeneza A Sky Full of Stars. Ule ulitoka hapohapo ukazunguka dunia nzima. Huu ukabaki ndani. 2016 Avicii akaacha kupanda jukwaani, na albamu yenyewe ikaja kukamilishwa na wenzake kwa kufuata maelezo aliyoacha.

Sasa, kuhusu wimbo. Kiitikio kinamzungumzia mtu anayejihisi kama amekufa sasa hivi akaingia peponi. 2014 hayo yangekuwa maneno ya kijana aliyelewa mapenzi, basi. Ukiyasikia baada ya msiba, yanakukaa kooni. Mara ya kwanza niliuzima kabla haujafika nusu. Siku ya pili nikauacha uende, na hapo ndipo nilipogundua kuwa wenyewe hauna huzuni hata chembe! Sauti ya Martin ina mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyeimba usiku kucha na bado hataki kulala, na mdundo ukishuka unashuka na furaha tupu. Kwa sisi tuliokuja kuusikia 2019, furaha ile ndiyo inayouma.

Kasoro ipo. Ule mdundo unanuka 2014 waziwazi, wakati unatoka, ma-DJ walishahamia kwingine, na rafiki yangu mmoja aliusikiliza akasema, "Hiki kiporo." Sikubishana naye sana. Ila kiporo cha wali wa nazi kuna asubuhi kinashinda chakula cha moto.

Ushauri wangu: usiusikilize kwa spika ya simu, besi inapotea yote na unabaki na kelele za juu. Mimi hupenda kuusikiliza kwenye gari, usiku, barabara ikiwa nyeupe.

Ukishaumaliza, ruka hadi wimbo wa 10, Heart Upon My Sleeve, walioshirikishwa bendi ya Imagine Dragons. Huo nao ni wa zamani: 2013 ulikuwa kwenye albamu ya Avicii ya True ukiwa ala tupu, bila mwimbaji. Kusema kweli kwangu mimi ulitosha vile ulivyokuwa. Sauti imekuja kukalia nafasi ambayo haikuwa wazi, tofauti na Heaven, ambao bila Martin nadhani usingesimama.

Mimi niliinunua albamu nzima badala ya kusikiliza bure, kwa sababu mapato yalielekezwa kwa taasisi iliyoanzishwa na familia ya Avicii, inayoshughulika na afya ya akili. Shangazi nilimsikilizisha baadaye. Akatikisa kichwa taratibu, akaniambia niongeze sauti.