Rivyuu ya Tagrisso, kidonge cha kansa ya mapafu, kwa sisi wa Malindi

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya bei, nitafika huko, lakini kidonge chenyewe, anachomeza halati yangu (dada wa mamangu), wallahi kinafanya kazi kwa mgonjwa anayekifaa, na hapo kwa anayekifaa ndo pa kusoma polepole manake watu wananitumia meseji "hiyo dawa ya halati yako yapatikana wapi" hata hawajajua mgonjwa wao ana kansa ya aina gani.

Kwenye boksi utaona limeandikwa osimertinib, kampuni ni AstraZeneca. Marekani waliipitisha mara ya kwanza Novemba 2015 kwa wagonjwa ambao vidonge vya zamani vimeshawagomea, halafu Aprili 2018 wakaruhusu ianzwe nayo moja kwa moja. Si kemo hii. Kwenye seli za kansa za baadhi ya watu kuna swichi inaitwa EGFR ambayo imeharibika ikakwama kwenye kuwaka, seli zinazaana tu usiku na mchana, na Tagrisso kazi yake ni kuizima hiyo. Kama kansa ya mtu wako haina hitilafu hiyo basi atakuwa anameza pesa. Huonekana sana kwa wasiovuta sigara, wanawake hasa, na halati yangu hajashika sigara maisha yake yote, moshi wake ni wa kuni na makumbi jikoni kwake huko Shella.

Kwanza walimtibu TB. Zahanati moja ya huku waliona doa kwenye eksirei, makohozi yakapimwa hayana kitu, wakamuanzishia dawa hivo hivo, kikohozi nacho kikaendelea na akakonda mpaka pete zikawa zadondoka zenyewe akiosha vyombo. Hili linaihusu dawa pia, manake rifampisini, ile ya TB inayotia mkojo rangi ya chungwa, inafanya mwili uivunje Tagrisso haraka sana na sehemu kubwa ya dozi inapotea bure. Daktari wa kansa Mombasa hilo ndilo aliuliza la mwanzo kabisa, dawa gani nyengine anakunywa, mpaka za miti shamba alitaka kuziona.

Halafu bayopsi, yaani sindano inaingizwa ubavuni wanatoa kipande kidogo cha nyama ya pafu, kikasafirishwa Nairobi kupimwa jeni. Kungoja hapo ndo kulitumaliza, kila siku mtu anauliza majibu, na kumbuka kila kliniki ni matatu mpaka Mombasa na ile jam ya Mtwapa na mgonjwa hawezi kukaa wima. Yalipokuja yakasema EGFR, eksoni 19, yaani hicho ndo kipande cha jeni penye hitilafu. Kama nyama haitoshi kuna kipimo cha damu pia, kinatafuta jeni hizo hizo za kansa zinazoelea kwenye damu, ulizieni kabla hajachomwa mara ya pili.

Sa matumizi. Kidonge ni kimoja cha miligramu 80 kwa siku, kwa chakula au bila. Akishindwa kumeza unakitia kwenye maji ya kawaida yasiyo na gesi kama robo glasi, unakoroga mpaka kinapasuka vipande vipande (hakiyeyuki kabisa msishangae), anakunywa, unasuuza glasi kwa maji mengine anamalizia nayo. Kikohozi kilipungua mapema kuliko nilivyotarajia na akaanza kuomba chakula mwenyewe, samaki wa kupaka, tena wenye pilipili.

Madhara yapo. Kuharisha mwanzoni, ngozi kukauka ikawa yapasuka, vidonda vya mdomo kidogo. Kubwa ni kucha, pembeni zilivimba zikawa nyekundu zauma hata kukuna nazi hawezi, akakaa pale anamuangalia mkwewe aikune vibaya na hilo nadhani lilimuuma kuliko kansa. Dawa inaweza kugusa moyo pia kwa hivo anapimwa ECG (mapigo ya moyo) na eko (picha ya moyo), na mkiona pumzi imebana ghafla ama kikohozi kipya na homa msingoje kliniki ya mwezi ujao, pigeni simu siku hiyo hiyo, manake mara chache inafanya mapafu yenyewe yavimbe kwa ndani na hapo inasimamishwa.

Jamaa wa Muscat wakaanza mbona hamumpi Keytruda, ndo mpya. Keytruda ni sindano ya kuamsha kinga ya mwili na kwa wengine ni nzuri sana, lakini kwa wenye EGFR huwa haisaidii sana, na mtu akitoka kwenye hiyo akaingia kwenye Tagrisso mapafu yapata hatari zaidi. Mpya kwa nani? Ndo swali.

Kuhusu muda tusidanganyane. Kwenye utafiti unaoitwa FLAURA, nusu ya waliotumia Tagrisso walipita miezi 18.9 kansa haijasonga, wa vidonge vya zamani ilikuwa miezi 10.2. Waliofanyiwa karibu wote ni watu wa Asia na Wazungu, sisi hatumo. Haiponyeshi, kansa huja ikapata njia ya kuizunguka, na ikifika hapo unapimwa jeni tena. Kuna amivantamab, ya kudungwa, inashika EGFR na swichi nyengine iitwayo MET pamoja, Marekani walianza kuipitisha 2021.

Bei sasa. Paketi ya mwezi mmoja imezidi kodi yetu ya nyumba ya mwaka. SHA, bima ya afya ya serikali, ina kikomo cha kansa kwa mwaka na kikiisha ni harambee, kuuza kiwanja, na simu za Muscat. Muulizeni daktari kama kuna mpango wa kampuni wa kusaidia, halafu zipo za Bangladesh zenye dawa ile ile kwa jina jengine, za bei nafuu, lakini kabla ya kumpa mtu pesa hakikisheni imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, sio ya kuletwa kwenye begi.

Na huyu anayepita akisema ana dawa ya majaribio, lipa kiingilio kwanza, mwambieni atoe kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti. Majaribio ya kweli dawa inayojaribiwa huwa hulipii, unasainishwa karatasi ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, na waruhusiwa kutoka siku yoyote.